Alama Saba za Mdogo Wangu

Asubuhi ya kwanza nilipomwona nilidhani ana matatizo. Ilikuwa mwishoni mwa Septemba 2018, saa kumi na mbili na nusu, Wuhan, na mimi nilikuwa nawahi maabara kuangalia vipande vya zege nilivyoviloweka. Kwenye ngazi za ghorofa ya nne kijana mwembamba amesimama, uso ukutani, kitabu kidogo kakikumbatia kifuani, anapaza sauti: "Abandon, abandon, abandon. Ability, ability, ability." Hakugeuka. Nikampita taratibu, kama unavyompita mtu anayeswali.

Baadaye nikajua kwamba hiyo ndiyo alifu yao. Vitabu vingi vya msamiati wa Kiingereza vinavyouzwa China vimepangwa kwa alfabeti, na neno hilo ndilo linalokupokea mlangoni. Maana yake ni kuacha, kutelekeza. Wanafunzi wenyewe wanalifanyia utani: unafungua kitabu uanze safari, neno la kwanza linakwambia rudi nyumbani. Na wengi hurudi. Nimeviona vitabu vya namna hiyo vikiuzwa kwa bei ya kutupa wakati wahitimu wanafungasha, kurasa za A zimechakaa na kujaa wino wa rangi tatu, halafu kuanzia C huko karatasi nyeupe pe, kama zimetoka kiwandani jana.

Kijana yule alikuwa mwaka wa nne, kaletwa maabara yetu kwa ajili ya mradi wake wa kuhitimu, chini ya profesa yuleyule aliyenisimamia mimi kwenye shahada ya uzamili. Kwa Wachina hilo linawafanya ndugu. Mimi nikawa shixiong wake, kaka wa masomo. Yeye akawa shidi wangu. Haijalishi kwamba mmoja katoka milimani Guizhou na mwingine Tanga. Humu nitamwita mdogo wangu, maana ndivyo nilivyomwita.

Mtihani uliokuwa unamtoa kitandani alfajiri wao wanauita Siji, yaani daraja la nne. Ni mtihani wa taifa wa Kiingereza kwa wanafunzi wa vyuo vikuu wasiosomea Kiingereza: mhandisi, mkulima, mwanasheria, wote. Ulianza mwaka 1987, na unafanyika mara mbili kwa mwaka, Juni na Desemba. Juu yake kuna Liuji, daraja la sita. Alama zote ni 710, namba ambayo hakuna mtu aliyewahi kunipa sababu yake ikaniingia akilini, na tangu mageuzi ya mwaka 2005 kirasmi hakuna kufaulu wala kufeli. Unapewa tu karatasi ya matokeo. Lakini ukitaka kuandikishwa Liuji lazima uwe na 425, kwa hiyo nchi nzima ikaamua kwamba 425 ndiyo kufaulu. Kwa miaka mingi vyuo vingi vilikuwa havimpi mtu shahada bila Siji. Chetu kilikuwa kimeshaliachia hilo. Waajiri hawakuliachia. Mwezi wa kumi, makampuni yalipokuja kupanga meza kwenye ukumbi wa michezo kusaka wahitimu, mdogo wangu alirudi na karatasi mkononi, kaikunja mara nne. Kampuni ya ujenzi aliyoitaka iliandika sharti hilo mstari wa pili, kabla hata ya kuuliza mtu kasomea nini.

Alikuwa ameshaufanya mara tatu. Mara ya kwanza 391, ya pili 406, ya tatu 418.

Alama saba. Kwetu mtu akikosa alama saba anapanda kwa mhadhiri na uso wa kuomba maji. Kule unampandia nani?

"Shixiong," akaniambia siku moja kantini, "wewe Kiingereza ni chako. Nisaidie."

Hapo ilibidi niweke kijiko chini. Kiingereza si changu. Miaka saba ya shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili, kila somo, mpaka hesabu nilizozipenda nilizipenda kwa Kiswahili. Januari 2005 nikaingia kidato cha kwanza, mwalimu wa baiolojia akaingia darasani, akaandika ubaoni neno moja refu, akaanza kuongea, na darasa la watoto hamsini likawa kimya kama lina msiba. Tulikuwa na monita aliyebeba daftari la majina ya waliokamatwa wakizungumza Kiswahili. Jina langu lilikuwa humo kila Ijumaa, nikafagia uwanja mpaka nikaujua kila jiwe. Halafu nikagundua njia rahisi ya kutoandikwa: kunyamaza. Nikanyamaza miaka minne. Mtihani wa Kiingereza wa kidato cha nne niliufanya, nikapata B, bila kuwa nimewahi kutamka sentensi tatu mfululizo mbele ya mtu.

Sikumweleza yote hayo. Kichina changu hakikufika huko. Nilisema tu, "Na mimi nilijifunza shuleni kama wewe." Akacheka, akadhani ni unyenyekevu.

Tukapatana: jioni tatu kwa wiki, yeye ananirekebishia Kichina changu cha ripoti za maabara, mimi namsaidia Siji. Ili nijionyeshe mtu wa maana, siku ya kwanza nikasema nipe pasti pepa niifanye mwenyewe, wewe shika saa. Sehemu ya ufahamu ndefu nikaimaliza vizuri. Nikafika ile ya kujaza mapengo: kifungu kina mapengo kumi, chini yake maneno kumi na tano yamewekewa herufi, chagua. Niliona ni mchezo wa watoto. Nikapata sita.

Mdogo wangu alisahihisha kwa kalamu nyekundu, akaiweka kalamu mezani kwa adabu kubwa mno. Kisha akanifundisha mimi. Kwanza, akasema, usiisome habari yenyewe. Nenda kwenye maneno kumi na tano, yagawe: haya majina, haya vitenzi, haya vivumishi, haya vielezi. Kisha angalia kila pengo linataka aina gani. Mengi yanajijaza yenyewe hata kama hujui maana. Na tena, sehemu hii ina asilimia tano tu ya alama, inakula muda bure, ndiyo maana wajanja huanza na vifungu vya mwisho, vyenye asilimia ishirini, wakarudi kwenye mapengo dakika zikibaki.

"Usisome, shixiong. Ukisoma unapoteza muda."

Niliiandika sentensi hiyo kwenye daftari. Sikuiandika kwa kumcheka. Nilimkumbuka kijana mmoja wa Tanga aliyejua kwamba swali la historia likianza na neno fulani unashusha hoja sita, na hoja zenyewe unazo tayari kichwani, umezikariri kwenye madesa, hata kama huzielewi.

Kwa hiyo kwenye kusoma hakunihitaji. Shida yake ilikuwa masikio. Alama 710 zimegawanywa hivi: kusikiliza 249, kusoma 249, insha pamoja na tafsiri 212. Kwenye mtihani wake wa tatu, ule wa Juni, kusikiliza alipata mia na kitu. Watu wa kwao, kama sehemu kubwa ya kusini magharibi mwa China, wengi hawatenganishi n na l. Maziwa, niunai, kwao ni liulai, na Wachina wengine huwatania kwa hilo mpaka basi. Sasa mpe mtu huyo habari ya redio kwa Kiingereza yenye "night" na "light" ndani ya pumzi moja. Yeye alisikia neno moja limesemwa mara mbili.

Nikamwambia kwetu tuna watu ambao ukiwasikia wanakwenda kupiga kura unadhani wanakwenda kula. Ilimfurahisha sana. Mwanzo wa kila jioni akawa ananiuliza, "Leo tunakula au tunapiga kura?"

Zoezi letu tulilifanyia kwenye chumba cha maji ya moto, maana kuna mvuke na Wuhan haina joto la mabomba kama Beijing. Mstari wa kugawa nchi unapita kwenye milima ya Qinling na mto Huai. Walio kaskazini yake wanapashiwa nyumba joto wakati wa baridi, walio kusini wanajijua wenyewe. Sisi tulikuwa kusini. Novemba ikishaingia unasoma umevaa koti, vidole vinauma. Basi tunasimama pale kati ya safu za chupa za chai nyekundu, kila moja imeandikwa namba ya chumba kwa rangi, mimi nimempa mgongo asiuone mdomo wangu, nasema: light. Night. Night. Line. Nine. Yeye akisikia n anagonga chupa, akisikia l anatulia. Wiki ya kwanza alikuwa anagonga kila kitu. Msichana mmoja aliyekuja kuchota maji alituangalia, akajaza chupa yake nusu, akaondoka.

Katikati ya Novemba siku moja niliita maneno ishirini, akakosea matatu. Nikageuka kumpongeza, nikamkuta kafumba macho bado, anasubiri la ishirini na moja.

Ni wakati huo ndipo aliponieleza zile alama saba zilikopotelea. Kwenye vyuo vingi sauti ya mtihani huja kwa redio: chuo kinarusha kwenye masafa yake ya FM, na kila mtahiniwa anakuja na hedifoni yake yenye redio ndani na betri. Insha nusu saa, kisha kusikiliza dakika kama ishirini na tano, na sauti ikikoma tu, msimamizi anakusanya karatasi ya majibu ya kwanza. Huongezewi hata dakika. Hivyo majibu unayatia kivuli pale pale unaposikia. Yeye Juni alikuwa ameyaandika pembeni kwa penseli, kwenye kijitabu cha maswali, ili ayahamishe vizuri mwishoni kwa mwandiko safi. Alikuwa bado anachonga penseli karatasi ilipochukuliwa.

"Manne," akasema. "Manne yalibaki kwenye kijitabu, na yote yalikuwa sahihi. Niliyalinganisha jioni."

Sikuwa na la kusema kwa Kichina. Kwa Kiswahili ningesema pole, neno ambalo sikupata la kulilinganisha nalo kwa Kichina, wala kwa Kiingereza.

Wachina wana msemo wao, yaba yingyu, Kiingereza cha bubu: mtu kakisoma miaka kumi na zaidi, anakijua kwa macho, mdomo haumo. Sehemu ya kuzungumza ipo kwenye Siji, lakini ni mtihani wa pembeni, wa hiari, na mdogo wangu hakuwa na wazo la kujiandikisha. Nilimpeleka mara moja kwenye kona ya Kiingereza, pale wanafunzi wanapokusanyika jioni kujizoeza. Alijificha nyuma yangu kama mtu anayekwepa mvua. Binti mmoja akamuuliza kwa Kiingereza anasoma nini. Akanigeukia, akanong'ona kwa Kichina: "Mwambie uhandisi."

Tukiwa njiani kurudi nikapiga hesabu. Orodha ya Siji ina maneno elfu nne na kitu, na tuseme alikuwa anayajua elfu tatu, tena na tahajia zake. Mimi nilikuwa nimefaulu HSK daraja la nne, mtihani wa Kichina kwa wageni, ambao wakati ule ulitaka maneno 1,200. Mazungumzo yetu yote tangu Septemba, vichekesho, mradi wake, mama yangu, mama yake, yote yalikuwa yamepita kwenye yale 1,200 yangu. Maneno yake elfu tatu hatukuyatumia hata kuombana chumvi. Yalikuwa akiba ya siku moja.

Ningependa kusema nililitatua hilo. Nilijaribu kwenye insha. Insha ya Siji ni fupi, maneno 120 hadi 180, na yeye alikuwa na fremu zilizokaririwa: mwanzo wa namna ile ya "katika zama hizi za maendeleo ya kasi", katikati hoja tatu zenye namba, mwisho "kwa upande wangu". Nikafuta zote. Nikamwambia andika kama unavyonisimulia mimi. Akaandika juu ya bibi yake na nguruwe aliyekimbia, na ilikuwa insha nzuri, nilicheka, lakini makosa ya sarufi yalijaa kama mchele wenye chuya na muda ulimwishia katikati ya nguruwe. Tukafanya hivyo mara tatu. Mara ya nne nikamrudishia fremu zake. Mwenye kusahihisha ana rundo mbele yake na hamjui bibi wa mtu. Mimi mwenyewe B yangu niliipata kwa fremu.

Kitu kimoja tu kwenye mtihani ule nilikionea wivu, nacho ni tafsiri. Tangu Desemba 2013 wanapewa aya fupi ya Kichina, herufi 140 hadi 160, waigeuze Kiingereza, na aya zenyewe zinahusu China: utamaduni, historia, uchumi, maisha. Mwaka ule wa kwanza kulikuwa na chai, kulikuwa na mapishi, kulikuwa na lile fundo la uzi mwekundu wanalolitundika sikukuu. Tulifanya la fundo. Alitoa funguo zake mfukoni, zina fundo dogo lililofifia, akaanza kunionyesha uzi unavyoingia na kutoka bila kukatwa, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akitafuta neno la Kiingereza kwa sababu analihitaji. "One rope," akasema kwa sauti, kwa Kiingereza, kwangu. "Only one."

Nikafikiria mama yangu barazani, ukindu umemzunguka, anasuka ukili. Sikumbuki kama kuna mtihani wowote wa Kiingereza ulioniambia nieleze hilo. Nikajaribu pale pale. Ukili kwa Kiingereza ni nini? Ni utepe, lakini si utepe. Umesukwa, lakini bado si mkeka. Unauzungusha ukiushona ndipo mkeka unatokea. Nilishindwa. Nikachana karatasi ya pasti pepa vipande virefu vitatu, nikamsukia. Tukakaa hivyo, yeye na fundo lake, mimi na ukili wa karatasi, mpaka mlinzi akaja kuzima taa.

Jumamosi ya mtihani, katikati ya Desemba, kulikuwa na baridi ya kunyevuka, ile inayopita kwenye koti kama haioni. Tulikula reganmian asubuhi, tambi za Wuhan zilizopakwa ufuta uliosagwa, wamesimama watu wote barabarani na bakuli za karatasi. Alikuwa na hedifoni shingoni, betri ndani na betri nyingine mfukoni, penseli tatu zilizochongwa. Usiku alikuwa ameweka kwenye WeChat picha ya jinli, samaki mwekundu wa bahati ambaye mwaka ule wa 2018 kila Mchina alikuwa anamtuma kwa kila Mchina. Nikamuuliza kama anaamini. "Siamini," akasema, "lakini samaki hana gharama."

Saa tatu wakaingia. Saa tano na dakika ishirini wakatoka, na mtu akitoka kwenye mtihani ule humuulizi, unamtazama mabega. Yake yalikuwa kawaida tu.

Karatasi hutofautiana, jirani yako anaweza kupata maswali mengine kabisa. Yeye kwenye tafsiri alipata malipo ya simu: jinsi yalivyostawi China, jinsi vijana wanavyoacha fedha taslimu, jinsi maduka yanavyowapunguzia bei wanaolipa kwa simu. Neno la kupunguziwa bei lilimkimbia. "Nimeandika wanafanya bei iwe ndogo," akasema kwa huzuni. Nikamwambia mimi ningeelewa. Halafu nikamwambia kwetu M-Pesa iliingia mwaka 2008, nikiwa kidato cha nne, na kwamba nauli na matumizi yangu ya kidato cha tano yalikuja kwa simu ya vitufe isiyo na intaneti, kwenye duka la mtu anayeuza sukari.

Akasimama. "Mwaka 2008? Afrika?"

"Tanga."

Alitembea hatua kadhaa. "Ungeniambia jana," akasema, "ningeandika vizuri zaidi." Sikuona uhusiano, na sidhani kama upo, lakini alilisema kwa uchungu wa kweli.

Matokeo hutoka mwisho wa Februari. Chuo kilikuwa kitupu, wote wamekwenda makwao sikukuu ya mwaka mpya, sisi wageni tumebaki tunapikiana wali kwenye hosteli. Simu ikalia. Picha ya skrini: jumla 431. Kusikiliza 128, kusoma 171, insha na tafsiri 132. Chini yake maneno mawili ya Kichina, guo le, nimevuka. Nikamjibu kwa Kiingereza, sentensi nzima, kumpa fahari. Akarudisha kwa Kichina kwamba ana haraka, wanachinja nguruwe.

Machi alirejea kumalizia mradi. Nilikuta asubuhi hedifoni juu ya meza yangu, imefungwa uzi wake vizuri, mle ndani kaweka betri mpya, na karatasi imebandikwa: "Shixiong, kwa HSK yako." Nilikuwa nimejiandikisha daraja la tano mwezi ule. Kusikiliza kwa HSK hutoka kwenye spika ya ukutani, au kwenye kompyuta. Redio haihusiki kabisa. Nikaivaa, nikazungusha kitufe mpaka nikakamata kituo cha chuo, na yeye akapita mlangoni, akaniona, akanipungia mkono.